Namba Inayopotea Mkiani

Kijiwe kinaitwa Mkiani kwa sababu hapo ndipo mkia wa foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia unapoishia siku njema. Siku mbaya mkia unapita, unaelekea zake upande wa Mpemba, na wenyeji wa kijiwe wanabaki kuutazama kwa uchungu kana kwamba wamedhulumiwa. Benchi lenyewe ni ubao wa bodi ya lori lililopinduka zamani, limelazwa juu ya rimu mbili, na mbele yake Felista ana jiko la mkaa, birika jeusi na kahawa ya shambani kwao Ihanda ambayo anaikaanga na kuitwanga mwenyewe. Anafika kabla ya kila mtu na kuondoka baada ya kila mtu. Wengine wote ni wa kuja na kuondoka: dereva anakuja, foleni inasogea, anaondoka; wa bodaboda anakuja, anapata abiria, anaondoka. Na kwa kuwa Tunduma na Nakonde ni ukoo mmoja uliokatwa na geti, mtu wa huku akiwa na mzigo wa shangazi yake wa kule husema tu, uache Mkiani, mwambie aliyepo. Wanaume wa benchi wanausifia utaratibu huo kana kwamba uliandikwa kwenye katiba.

Alasiri hiyo mwenye shida alikuwa Erica. Alikuta benchi limejaa, akaketi juu ya gunia lililoegemezwa kwenye nguzo ya duka, akaweka kompyuta magotini na kuingiza waya wake dukani kwenye umeme wa sola, maana mtaani kwao umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Alisomea mambo ya kompyuta Mbeya, akarudi nyumbani na kufanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alitengeneza programu ya simu inayomwambia dereva foleni imefika wapi, ili mtu aweze kwenda kula, kuoga, hata kulala kitandani, badala ya kukaa nyuma ya usukani akilinda nafasi yake.

Madereva waliipenda. Chama chao cha wasafirishaji kikasema sawa, leo saa kumi tutalijaribu toleo jipya kwenye yadi yetu Mpemba. Likifika kwenye simu zetu, tunalichukua na wewe tunakuajiri ulisimamie hapa hapa Tunduma. Lisipofika, tunachukua programu ya vijana wa Dar. Na Erica naye angekwenda Dar, kwa sababu mjomba wake huko alikuwa amemwekea nafasi ya kuuza makava ya simu dukani kwake na alishachoka kungoja jibu. Begi lilikuwa tayari. Mama yake alilifunga jana, akalifungua, akalifunga tena, huku akisema yeye hana neno.

Erica hakutaka kwenda Dar, na hakuwa na haya ya kulisema.

– Imekataa tena – alisema, akafunika uso kwa viganja.

– Imekataa nini, mwanangu? – aliuliza Semi.

Semi ni Osward, aliyeendesha semitrela mpaka Lubumbashi hadi mgongo wake ulipogoma. Miaka aliyoimaliza kwenye foleni ya Tunduma angeweza kujenga nyumba ndani yake, ndiyo maana aliipenda programu ya Erica kuliko mtu yeyote, na simu yake yenye kioo kilichopasuka ndiyo iliyotumika kwa majaribio.

– Kuna seva, mzee – Erica alisema. – Iko mbali, sijui hata ni nchi gani. Nikimaliza kuandika programu naituma huko, halafu seva inafanya kazi yote iliyobaki, hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza inatengeneza namba ya toleo jipya. Ya pili inafunga programu na kuibandika ile namba. Ya tatu inasambaza kwenye simu za watu.

– Kama kiwanda cha soda – alisema mtu wa pili kwenye benchi.

– Kama kiwanda cha soda. Sasa, hatua ya kwanza inatengeneza namba vizuri kabisa, naiona kwa macho yangu. Hatua ya pili ikifika inatafuta namba, haioni kitu. Patupu. Inasema siwezi kufunga programu isiyo na namba, inasimama hapo.

– Na hapo katikati, kati ya ya kwanza na ya pili, pana nini? – aliuliza wa tatu.

– Hakuna kitu, mzee. Zinafuatana.

– Haiwezekani. Hakuna mahali duniani ambapo katikati hakuna kitu.

Huyu wa tatu ni Mbonile, anayeitwa Forodha. Aliwahi kujaza karatasi za mizigo kwa mawakala wa mpakani, na ingawa ofisi ilifungwa kitambo, bado anavaa shati lenye kalamu mfukoni na bado anaongea kama anayesoma hati ya wakili.

– Hata mimi nasema hapo pana kitu – Semi alisema. – Na nakijua. Ni mzani.

– Mzani wa nini tena, Semi?

– Wa kupimia. Mimi nimevuka mizani ya nchi ngapi? Ukiona kitu kimetoka kizima upande huu, upande wa pili hakijafika, ujue kimezidi uzito, kimewekwa pembeni. Mwanangu, namba yako ina tarakimu ngapi?

– Nyingi kidogo. Ina mwaka, mwezi, tarehe, na mengine.

– Unaona? Umepakia mpaka juu ya bodi. Punguza.

Erica alijua kabisa kwamba hilo ni porojo. Lakini tangu asubuhi alikuwa amejaribu kila jambo la akili, na mtu akishamaliza mambo ya akili, hubaki na yale mengine. Akaipunguza namba mpaka ikabaki tarakimu moja, akatuma. Wakainama wote juu ya kioo. Hatua ya kwanza ikawa kijani. Hatua ya pili ikafikiri, ikafikiri, ikawa nyekundu.

– Basi si mzani – Semi alisema bila aibu yoyote, akanyoosha kikombe. – Felista, niongezee hapo.

– Sikutaka kumkatiza mwenzangu – Forodha alisema – lakini suala zima ni la nyaraka. Hiyo namba inasafiri kwa jina gani?

– Nimeipa jina TOLEO.

– TOLEO nani?

– TOLEO tu.

– Jina moja. – Forodha aliegemea nguzo na kufumba macho kwa masikitiko. – Binti, kwa mujibu wa taratibu, msafiri wa jina moja anasimamishwa. Hata wewe ukienda getini na kitambulisho kimeandikwa Erica tu, unadhani utaiona Nakonde? Ipe namba yako jina la ukoo.

– Forodha, wewe unataka namba iwe na baba – alisema wa pili.

– Nataka iwe na utambulisho.

Erica akaandika TOLEO_JIPYA, akatuma. Kijani. Halafu nyekundu.

– Mmh – alisema Forodha. – Basi wamekaza kweli kweli.

Yule wa pili alikuwa Isaka. Anabadilisha kwacha na shilingi barabarani na anavaa saa mbili, ya Tanzania mkono wa kushoto na ya Zambia mkono wa kulia, kwa hiyo mji mzima unamwita Saa Mbili. Alikuwa amengoja zamu yake huku akitafuna karanga, na sasa akajikung'uta maganda mapajani.

– Nyie mnahangaika na uzito na majina. Mimi nawapa sayansi. Hiyo namba inatoka hapa saa ngapi?

– Ikitengenezwa tu inatoka – Erica alisema.

– Haya. Tuseme imetengenezwa saa tisa ya huku. Ikisogea kidogo tu imeingia upande wa pili, na kule ni saa nane. Si ndiyo?

– Ndiyo, kule wako nyuma yetu.

– Basi hatua ya pili inaipokea saa nane. Namba imezaliwa saa tisa. Sasa wewe niambie, saa nane utamwona vipi mtoto atakayezaliwa saa tisa? – Saa Mbili akainua mikono yote miwili ili saa zake zionekane. – Hatua ya pili haina kosa. Imekuja mapema, mama bado ana mimba.

Semi alitikisa kichwa taratibu kukubali, kwa heshima. Hata Forodha alichomoa kalamu mfukoni kana kwamba kuna mahali pa kuandika.

– Aisee – alisema Semi – hiyo imekaa.

– Haijakaa, mzee – Erica alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka. – Seva haiko Nakonde. Na kwenye kompyuta yangu nyumbani hatua zote tatu zinapita, kila siku. Namba haipotei hata siku moja. Ikifika kwenye seva tu, ndiyo inapotea.

– Basi wapelekee chama hiyo kompyuta.

– Mzee Forodha, watu wote wenye malori washike kompyuta moja?

– Kwa zamu.

– Au ziunganishe hizo hatua ziwe moja – Semi alisema. – Dereva mmoja, lori moja, moja kwa moja mpaka Lubumbashi. Mambo ya kupokezana mimi sikuyapenda hata nilipokuwa kazini.

Hilo lilikuwa na maana, na Erica alimwambia hivyo. Lakini kwa kazi ya kufunga programu, seva ilikuwa na chombo chake maalumu, na chombo hicho kilikubali kufanya kazi kikiwa hatua yake peke yake, hakikutaka mwenza. Ilikuwa lazima kupokezana. Akatazama saa kwenye kona ya kompyuta, akaona bado ni saa nane na dakika zake. Akashusha pumzi. Muda ulikuwepo.

Felista alikuwa akipepea jiko. Alisema bila kuinua macho:

– Erica, hiyo saa unayoiangalia umeipata wapi?

– Ya kompyuta, dada. Inachukua kwenye simu, ndiyo inayonipa mtandao.

– Na simu yako imeshika mnara wa nani?

Erica alichukua simu. Juu ya kioo palikuwa na jina la mtandao wa Zambia. Yeyote aliyekulia Tunduma anajua mchezo huo, simu kuvuka mpaka yenyewe na kukukaribisha nchi ya watu ukiwa umekaa kwenu, na saa kurudi nyuma bila kukuuliza. Anajua, na bado kila mwaka mtu fulani anachelewa harusi yake. Saa Mbili akamsogezea mkono wa kushoto. Ilikuwa saa tisa imeshapita vizuri.

Akilini Erica aliliona begi mlangoni, akamwona mama yake anavyosema hana neno.

– Usilie, mwanangu – alisema Semi.

– Silii.

– Hapana, lia kama unataka, lakini usikilize. Kama namba imepotea, kuna mahali imekwenda. Kitu hakiyeyuki.

– Kimsingi – Forodha alisema, akijivuta karibu – mimi nimeanza kupata picha. Kuna seva nyingine.

– Wapi?

– Nakonde. Simu yako imeshika mnara wao, si ndiyo? Basi na namba zako zimekwenda huko huko. Kuna binti mwingine Nakonde, na yeye ana kompyuta, amekaa kijiweni kwao, anashangaa. Tangu asubuhi anapokea namba tu. Hajui za nini. Amezijaza kwenye beseni.

– Na wazee wa kijiwe cha kule wanamwambia nini? – aliuliza Saa Mbili.

– Wanamwambia ni za urithi.

– Basi twendeni tukamwombe – Semi alisema, na kweli akaanza kunyanyuka, mkono kiunoni. – Geti liko hapo tu. Namjua mtu kule.

Hapo ndipo alipofika mtu ambaye hawakumngoja. Alikuwa msichana wa rika la Erica, amejifunga chitenge cha maua ya zambarau, viatu vimejaa tope la mpakani, anahema.

– Mwapoleni mukwai – alisalimu kwa heshima ya kwao, akipiga goti kidogo. – Samahani wazee wangu. Naitwa Brenda, natoka Nakonde. Nimerudi tena kuulizia mzigo wa bibi. Dada yake wa Msangano kamtumia mbegu za maharage, wakamwambia zimeachwa hapa asubuhi.

– Hapa hakuna mzigo, binti – alisema Forodha.

– Ndivyo ulivyoniambia na mchana, baba. Nikarudi. Bibi akanifukuza, akasema nirudi nikatazame vizuri. Ardhi imelowa, kesho anataka kupanda. Kasema nitafute gunia lililofungwa mdomo kwa kitambaa chekundu.

Watu wote wakatazama chini, kila mmoja upande wake. Macho yao yakakutana miguuni kwa Erica. Erica akasimama taratibu na kompyuta yake. Gunia lilikuwa limebonyea katikati, na kwenye mdomo wake, pale alipokuwa ameketi tangu alipofika, palikuwa na fundo la kitambaa chekundu.

– Ala – alisema Semi.

– Mimi nilidhani ni la Felista – Saa Mbili alisema.

– Mimi nilidhani ni lako – Felista alisema.

– Na mimi – alisema Forodha kwa sauti ya chini – mchana niliweka miguu hapo.

Brenda alilipapasa gunia akasikia maharage ndani, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Lakini alikuwa ametembea njia ile mara nyingi kwa siku moja, na alitaka kuelewa.

– Sasa aliyelileta alimwambia nani?

– Alimwambia aliyekuwepo – Forodha alijibu. – Ndio utaratibu wetu.

– Na aliyekuwepo ni nani?

– Asubuhi huwa ni Clever, wa bodaboda.

– Yuko wapi?

– Kapata abiria wa Mlowo. Kaondoka.

– Kaondoka nayo hiyo habari?

– Sasa ataiachaje, na iko kichwani mwake?

Brenda aliwatazama mmoja mmoja, bila dharau, kwa mshangao wa kweli wa mgeni.

– Na huyu dada wa kahawa, ambaye haondoki. Kwa nini hakuna anayemwambia yeye?

Semi alitazama kikombe chake. Saa Mbili akatazama saa ya kushoto, halafu ya kulia, kana kwamba jibu lingekuwa katika nchi mojawapo. Forodha alifungua mdomo, akatafuta mujibu wa taratibu wowote ule, akaufunga. Lori lilipiga honi barabarani na foleni ikasogea kidogo.

– Mimi niko hapa tangu alfajiri – Felista alisema. Hakusema kwa hasira. – Miaka yote niko hapa. Wanapeana habari kule barabarani, wamenipa mgongo, halafu wanaondoka nazo.

Erica alikuwa bado amesimama, kompyuta mikononi.

– Dada Felista – alisema – rudia hapo.

– Nirudie nini?

– Basi, usirudie. Nimesikia.

Aliketi chini, kwenye udongo, mgongo kwenye nguzo. Aliuona mchezo wote. Nyumbani, kwenye kompyuta yake, alikuwa anafungua dirisha moja na kuziendesha hatua zote tatu humo humo, na dirisha halifungwi mpaka mwisho. Aliyeisikia namba mwanzo ndiye aliyekuwepo mpaka mwisho. Kwenye seva haikuwa hivyo. Kila hatua ilifunguliwa dirisha lake jipya, ikafanya kazi yake, dirisha likafungwa, na kila kilichokuwa kichwani mwake kikaondoka nalo. Hatua ya kwanza haikupoteza namba. Ilikuwa nayo kabisa, ikaenda nayo Mlowo. Wakati wote huo seva yenyewe, iliyokuwepo kabla ya hatua ya kwanza na itakayokuwepo baada ya ya mwisho, hakuna aliyeiambia kitu.

– Kuna sentensi – alisema, akipekua mwongozo wa seva kwenye kompyuta. – Niliiona jana. Nikadhani ni urembo tu. Hatua ikiisema kwa namna seva inavyotaka kusikia, seva inaishika namba na kuwapa wote wanaofuata.

– Maneno mengi? – aliuliza Semi.

– Mstari mmoja, mzee.

Akauandika. Akarudisha namba yake ndefu na jina lake moja, maana hayakuwa na kosa lolote. Akaangalia mstari mara ya pili, kisha ya tatu, akatuma. Brenda, ambaye hakuelewa hata neno moja, alichuchumaa naye kutazama. Felista aliacha kupepea.

Hatua ya kwanza ikawa kijani.

– Hapo huwa inafika – Saa Mbili alinong'ona kumwelewesha mgeni. – Tatizo liko kwa anayefuata.

Hatua ya pili ikaanza. Ikafikiri. Erica alikuwa ameshika mkono wa Brenda na wala hakujua ameushika. Halafu katikati ya maandishi yaliyokuwa yakishuka, namba ikatokea, nzima, na mwaka na mwezi na tarehe yake, na chini yake rangi ya kijani.

Wote wakabaki wameinama pale pale. Waliogopa kuishtua. Ya tatu ikapita upesi, na mara mfuko wa shati la Semi ukatetemeka. Mzee akachomoa simu yake iliyopasuka, akaiweka mbali na macho ili aone.

– Inaniambia toleo jipya liko tayari – alisema. – Inauliza kama nataka.

– Kubali, mzee.

– Nakubali. – Akangoja, midomo ikicheza. Kisha akasoma kama mtu anayesoma neno kanisani: – Foleni imeishia Mkiani. Inasogea. – Akainua macho barabarani, na hapo mbele yao, nyuma ya lori la mwisho, barabara ilikuwa nyeupe. – Ni kweli. Ni kweli kabisa, tazameni. Mimi nililala kwenye hii foleni, mvua inanyesha, sijui kama nasogea kesho au mwezi ujao. Mwanangu, hujui ulichofanya.

Akapangusa macho kwa mkono wa shati na hakujificha.

– Kwa hiyo binti wa Nakonde atarudisha zile za kwenye beseni? – Saa Mbili aliuliza, na kicheko kikawatoka wote, hata Forodha.

Bado walikuwa wanacheka pikipiki ilipoingia kwa kasi na kuzimwa. Ilikuwa ya Clever, vumbi mpaka kope.

– Aisee, yule mtu wa Nakonde kaja? Kuna gunia lake nilipewa asubuhi.

– Ulimwambia nani? – Forodha alimuuliza kwa ukali wa mtu aliyeepuka lawama.

– Ningemwambia nani? Nilivyokuwa naondoka hapakuwa na mtu hapa.

Wote wakageuka kumtazama Felista, na Clever akageuka pia, akamkuta amesimama na birika mkononi, pale pale alipokuwa amesimama asubuhi.

– Samahani, dada – Clever alisema.

– Kunywa kahawa – Felista alisema. – Halafu umpeleke Erica Mpemba, chap, ana saa kumi. Ya Tanzania.

Erica alikuwa ameshachomoa waya na kuitia kompyuta kwenye mkoba. Brenda alikwisha kujitwika mbegu za bibi yake; akasema natotela, asante ya kwao, kwa kila mtu, na kwa Felista akalisema akipiga goti, mzigo ukiwa kichwani bila kuyumba, akashika njia ya geti. Clever alipiga kahawa funda moja na kuwasha pikipiki. Erica akapanda, wakaondoka, na hawakufika mbali. Alimgonga Clever bega, pikipiki ikasimama, akashuka na kurudi mbio.

– Umesahau nini? – aliuliza Semi.

– Mama yangu atapita hapa akitoka sokoni. Nataka aambiwe jambo.

Wanaume wote watatu wakakaa sawa. Forodha akarekebisha kola. Saa Mbili akasogeza sikio. Wamepokea ujumbe wa watu wa nchi mbili kwa miaka mingi, na walikuwa tayari kuupokea na huu.

Erica akawapita, akaenda mpaka penye jiko la mkaa.

– Dada Felista, mama akipita mwambie begi alifungue.

– Na hujafika hata Mpemba?

– Alifungue tu. Nguo azirudishe kabatini.

– Begi alifungue, nguo azirudishe kabatini – Felista alirudia, polepole, neno kwa neno. – Nenda, mdogo wangu. Niko hapa.

Pikipiki ikapotea nyuma ya malori. Wazee wakabaki wametazama mbele, kisha Semi akanyoosha kikombe. Felista akaliinamisha birika mpaka likatoa tone la mwisho, akalitikisa, akaliweka chini.

– Imekwisha – alisema. – Nendeni nyumbani. Mimi nina mtu namngoja.